Mke wa Mashine, Mke wa Kombora

Hinda Alio aliolewa na Bare Nunow Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2006, mtaani Galbet, mjini Garissa. Huitaja tarehe hiyo hata asipoulizwa, kwa sababu kuna ndoa ya pili, ya mwaka 2017, iliyofungwa Elwak, mpakani na Somalia, ambayo anadai haijui tarehe yake. Anaijua.

Ana miaka thelathini na tisa na watoto wanne. Anauza maziwa ya ngamia katika soko la Suuq Mugdi, sehemu ya kivuli ambako wanawake hukaa wamepanga madumu ya manjano mbele ya magoti. Sauti yake si kubwa, lakini hupita juu ya sauti za wengine. Majirani zake sokoni wanasema wakitaka jambo lijulikane mji mzima kabla ya adhuhuri, humwambia Hinda. Wakitaka liaminiwe, humwomba Hinda alirudie.

Mumewe ni mchungaji wa melini. Kila mwaka, hasa kabla ya msimu wa Hija, meli hupakia kondoo na mbuzi katika bandari ya Berbera na kuwavusha hadi Jeddah, na ndani ya meli hizo huhitajika watu wa kuwapa mifugo maji na nyasi, kutenganisha wanaoumizana, na kutoa waliokufa. Bare alipata kazi hiyo kupitia Abdimalik, mfanyabiashara wa mifugo wa Elwak. Abdimalik ni mjomba wa Nasteho Gelle, na Nasteho ndiye mke wa pili. Kwa hiyo, hata bahari, kwa hesabu za Hinda, ilikuwa upande wa Elwak.

Bare hajui kuogelea. Anasema hajaona haja, kwa kuwa kondoo nao hawajui.

Mwezi Mei 2024 meli aliyokuwamo, Barwaqo, ilishika moto katika Ghuba ya Aden. Tangu mwisho wa mwaka uliotangulia, meli zilizopita maji hayo zilikuwa zikirushiwa makombora na ndege zisizo na rubani kutoka Yemen. Kufikia siku ya pili kulikuwa na taarifa tatu. Kampuni yenye meli ilisema tangi la hewa ya kuwashia injini lilipasuka. Kundi lenye silaha lilisema limeipiga meli kwa kombora na kwamba pigo lilikuwa barabara. Jeshi la majini la nchi ya kigeni lililokuwa likifanya doria karibu lilisema kombora lilirushwa kweli, lakini lilianguka majini na halikugusa chombo chochote. Kila taarifa ilikuwa fupi, na hakuna iliyokuwa na chembe ya shaka. Mabaharia watatu waliungua mikono, kondoo wengi walikufa kwa moshi, na meli ikavutwa hadi Djibouti.

Galbet haikusoma taarifa hizo. Galbet ilimngoja Bare.

Katika nyumba za wafugaji, msafiri anaporudi haulizwi juujuu. Huketishwa, hupewa chai ya maziwa, huachwa anywe kikombe cha kwanza bila kusumbuliwa, kisha mwenye nyumba husema neno moja: warran. Toa habari. Hapo msafiri huanza mwanzo wa safari, mvua ilinyesha wapi, nani amekufa, bei ya mbuzi imekuwaje, na haruki kitu. Kuficha habari ni kama kuficha maji. Na Bare, kama wanaume wengine wenye nyumba mbili, habari ya safari ndefu huanza kuitoa kwa mke mkubwa. Hinda hakuwahi kuipigania haki hiyo. Aliikuta, akaikalia.

Alikuwa na haki nyingine aliyoipigania. Mwaka 2017, wazee walipokuja kumtuliza kuhusu ndoa ya Elwak, hakudai dhahabu wala nyumba mpya. Alitaka sharti moja: Bare asiende safari ya mbali bila yeye kusema ndiyo. Wazee walitazamana, wakaona ni jambo dogo, wakalikubali.

Bare alifika Garissa mapema mwezi Juni, nyusi za upande mmoja zikiwa zimeungua. Alikunywa kikombe cha kwanza.

"Warran," Hinda alisema.

Alitoa habari kwa muda mrefu. Alipofika kwenye moto, Hinda alimkatiza, jambo ambalo kwa kawaida halifanywi.

"Ni kombora?"

"La. Ni mashine. Tangi la hewa lilipasuka. Mtu wa kampuni alituita Djibouti, akatuambia kwa mdomo wake."

"Wallahi?"

"Nakwambia alivyosema, Hinda."

Sasa Hinda anasema hapo ndipo alipopaswa kusimama. Aliomba kiapo, akapewa mdomo wa mtu mwingine. Lakini siku ile alikuwa amefurahi kumwona mzima. Bare alipomwambia kwamba kampuni ileile ina meli ya pili, na kwamba anatakiwa Berbera mwezi Septemba, alimjibu bila kufikiri sana.

"Kombora ningekataa. Mashine hutengenezwa. Nenda."

Siku mbili baadaye Bare alipanda basi la Elwak, ambako Nasteho alikuwa karibu kujifungua. Hinda akaibeba habari hadi sokoni, akaieneza kwa utulivu wa mtu mwenye mali yake. Hakuna kombora. Ni mashine. Redio zinaongeza chumvi. Wanawake waliokuwa wamesikia vingine walinyamaza, kwani nani angebishana na mke wa mtu aliyekuwamo?

Hali hiyo ilidumu mpaka Ramlo aliposhuka kutoka Elwak.

Ramlo anauza nguo. Husafiri kati ya Elwak na Garissa na marobota ya vitambaa, na pamoja na vitambaa huleta mengine. Asubuhi moja ya mwezi Julai alikaa kwenye dumu lililogeuzwa, akaomba maziwa, akayapuliza kana kwamba ni ya moto.

"Mke mwenzio amejifungua mtoto wa kiume, Mashallah," alisema.

"Nimesikia. Allah amkuze."

"Na mzee wenu amepona? Kombora si mchezo, abaayo, dada yangu."

"Kombora gani?" Hinda aliuliza. "Ni mashine."

Ramlo aliweka kikombe chini. "Wewe Hinda. Bare mwenyewe alisema, nyumbani kwa Nasteho, mbele ya watu. Kombora lilitoka upande wa Yemen, likaingia ubavuni. Hata kipande cha chuma amemletea, kiko juu ya kabati."

Kisha Faduma, anayekaa kushoto kwa Hinda na amekaa hapo miaka kumi akingoja nafasi, aliipata.

"Basi wamegawana vizuri," alisema. "Mkubwa kapewa mashine, mdogo kapewa kombora."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Hinda naye alicheka, kwa kuwa kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Kufikia alasiri jina lilikuwa limeshika. Mtu akija kuuliza maziwa mazuri yako wapi, aliambiwa: yale pale, kwa mke wa mashine.

Wasomali wana neno lao la mke mwenza, dangalo, na Hinda hulitumia badala ya jina la Nasteho. Anaweza kutaja kila kitu kilichowahi kwenda Elwak: ngamia mwenye maziwa, sola ya kuwasha taa, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Vyote hivyo, anasema, alivimeza. Mume akienda kwa mke mdogo haendi mikono mitupu, na mwanamke mwenye akili haulizi kilichomo mfukoni. Hili la sasa lilikuwa tofauti. Aliyeletewa ukweli ndiye mke. Mwingine ni mtu wa kupitisha habari sokoni. Na kulikuwa na lingine zito zaidi: ruhusa yake ya Septemba ilitolewa juu ya mashine. Kama lilikuwa kombora, basi mumewe alidanganya ili apate ndiyo yake, na alikuwa akirudi kwenye bahari ileile.

Alimpigia simu jioni hiyo.

"Hinda? Hapa mtandao haushiki vizuri."

"Unashika. Nasikia hata unavyopumua. Ni mashine au ni kombora?"

Mtoto alilia nyuma ya Bare, na sauti ya mwanamke ikambembeleza kwa jina ambalo Hinda hakuwa ameambiwa.

"Nikija tutaongea," Bare alisema.

Hinda hakumngoja. Mwanamke wa Kisomali akizaa hukaa ndani siku arubaini, na siku ya kutoka wanawake huja na zawadi na uvumba. Hakuna anayeweza kumzuia mke mkubwa mlangoni siku hiyo. Hinda alifunga samli kwenye mtungi, akanunua dera jekundu, kisha akalibadilisha kwa la kijani kwa sababu jekundu lilikuwa zuri mno. Akamwachia bintiye Bilan nyumba, akapanda basi. Njia ilipita Modogashe na Habaswein. Abiria walilala Wajir, wakaingia Elwak kesho yake, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

Mlango ulikuwa wa buluu kweli.

Wageni walipokwisha kuondoka, wanawake hao wawili walibaki peke yao kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Nasteho ana miaka ishirini na minane. Alimwita Hinda "abaayo", dada, na akampisha kwenye godoro lenye mto. Akamimina chai. Akangoja kikombe cha kwanza kiishe. Kisha, kwa heshima kamili, akasema neno ambalo Hinda hakuwa amejiandaa nalo.

"Warran, abaayo."

Hinda anasema alidhani amekuja kuuliza. Alikuwa amesahau kwamba safari hii yeye ndiye msafiri, na msafiri ndiye hutoa. Aliketi nyumbani kwa dangalo, kikombe cha dangalo mkononi, na desturi ilikuwa imemshika shingoni. Akaanza na mvua ya Modogashe. Akasema nani ameolewa Garissa na nani ana homa. Akafika kwenye sababu ya safari, na kwa kuwa habari hairukwi, akaitoa.

"Nimekuja kuona chuma," alisema.

Nasteho alisimama, akakishusha kutoka juu ya kabati. Kilikuwa kipande cha upana wa kiganja, kimepinda, upande mmoja rangi ya kijani, upande wa pili masizi. Hakikuwa na maandishi. Kingeweza kuwa cha kombora, cha tangi, au cha mlango wa zizi la kondoo.

"Hiki ndicho kombora?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi sikumwamini."

Hinda alimtazama.

"Nilisikia kwa Ramlo kwamba wewe uliambiwa ni mashine," Nasteho aliendelea. "Nikasema, haya, mkubwa kapewa ukweli, mimi mtoto napewa sinema. Nikajua anatafuta njia. Aseme bahari ina makombora, aache meli, akakae Garissa kwako moja kwa moja. Kwenda Berbera lazima apite hapa; akikaa Galbet hapiti hapa tena."

"Wallahi?"

"Wallahi. Siku tatu sikumpikia."

Hinda alianza kucheka, akajizuia. Kila mmoja alikuwa amelala macho akimwonea wivu mwenzake kwa kitu ambacho mwenzake hakukiamini.

Bare alirudi kutoka soko la mifugo wakati wa chakula cha mchana, akavua viatu mlangoni, akaona jozi mbili za kandambili za kike pamoja. Nasteho anasema alisimama pale kama mtu anayetafuta njia ya kuvirudisha miguuni. Walimketisha. Wakampa chai. Hakuna aliyemwambia neno mpaka akamaliza kikombe.

"Warran," walisema wote wawili.

"Habari gani tena? Habari nimezitoa."

"Umetoa za mtu wa kampuni," Hinda alisema. "Toa za macho yako."

Alichosema Bare siku hiyo, na alichokirudia alipoulizwa baadaye, ni kifupi. Alikuwa chini kabisa, akikwangua samadi kwenye mazizi. Alisikia kishindo. Taa zikazimika. Kondoo walipanda juu ya kondoo wenzao, naye akafungua vizuizi kwa kupapasa ili wasinyongane, akapanda ngazi, akakuta moshi. Hakuona kombora. Hakuona tangi. Chuma alikiokota juu, miguuni mwake, kikiwa bado cha moto. Djibouti aliambiwa ni mashine, akaamini, akafika nayo Garissa. Basi lake la kwenda Elwak liliposimama Wajir, baharia mwenzake aliyekuwa juu wakati wa kishindo alimpigia simu, akamwambia aliona kitu kikija juu ya maji, kimelala chini kama ndege anayetaka kunywa. Akaamini hilo. Akafika nalo Elwak.

"Kwa hiyo sikumdanganya mtu," alimaliza. "Kila mmoja nilimpa nilichokuwa nacho siku hiyo."

Inawezekana ingeishia hapo. Lakini Hinda amezoea kuuliza swali la pili.

"Ulipigiwa simu Wajir?"

"Wajir."

"Na mimi nilikwambia, kombora ningekataa. Simu ilikuwa mkononi. Kwa nini hukunipigia hapohapo?"

Bare alitazama kikombe kitupu.

"Ungenizuia," alisema.

"Basi ndiyo yangu umeiiba."

"Hinda..."

"Ruhusa imekwisha. Hakuna Septemba. Hakuna Berbera. Kama unabisha, niwaite wazee wa 2017, wengi wao wako hai."

Bare hakubisha. Aliyesema kitu alikuwa Nasteho, na hakumwambia mumewe.

"Wewe angalau uliombwa ruhusa," alisema. "Mimi niliambiwa hadithi tu. Angesema anaenda mwezini, ningefungasha nguo zake. Hakuna mzee aliyekuja kuniuliza mimi nataka sharti gani."

Kwa miaka saba Hinda alikuwa amehesabu kilichokwenda Elwak. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu Elwak aliyekuwa akihesabu cha Garissa. Alipoulizwa alijisikiaje, alijibu bila aibu kwamba alijisikia vizuri. Alitaka hata lirudiwe, Bare asikie vizuri zaidi.

Furaha hiyo haikumaliza mchana. Mwanaume asiyekwenda baharini lazima afanye kazi nchi kavu, na baada ya sala ya alasiri Bare alieleza mpango ambao, ilionekana, haukuwa mpya kichwani mwake. Abdimalik anahitaji dalali wa mbuzi, mtu anayemwamini, wa kukaa sokoni kila siku, mwaka mzima.

"Soko gani?" Hinda aliuliza.

"La hapa."

Kimya kilichofuata wote watatu wanakikumbuka. Kuhusu kilichotokea ndani yake hawakubaliani. Hinda anasema Nasteho aliinamisha kichwa juu ya mtoto na kutabasamu. Nasteho anasema hakutabasamu. Alikuwa akimfuta mtoto mdomo. Bare anasema yeye alikuwa akitazama mlangoni na hakuona chochote.

Hinda alilala usiku mmoja Elwak, chumba cha wageni, akisikiliza. Asubuhi hakwenda kituo cha basi. Alizunguka mji akiuliza maziwa ya ngamia yanauzwa wapi, na wauzaji ni akina nani, na kuna nyumba gani za kupanga. Wanawake wa soko la Elwak walimwona mgeni mwenye maswali mengi. Mmoja alimuuliza anatafuta nini hasa.

"Kivuli," alijibu.

Bare alipoambiwa uamuzi wake alisema gharama, alisema shule, alisema joto la Elwak, ambalo si kali kuliko la Garissa. Kisha akasema watu watacheka.

"Walishacheka," Hinda alimwambia.

Nafasi yake ya Suuq Mugdi amempa Bilan, ambaye atakuwa akiuza Jumamosi na siku za likizo mpaka amalize kidato cha nne, akikaa na bibi yake. Faduma ameomba asogezwe kulia mahali hapo na amekataliwa. Kampuni yenye meli bado inasema ni tangi. Kundi lenye silaha bado linasema ni kombora. Jeshi la kigeni halijaongeza neno.

Shule zikifungwa mwezi Agosti, Hinda atahamia Elwak na watoto wake watatu wadogo. Nyumba ameshaipata. Iko ng'ambo ya barabara, na mlango wake unatazamana na ule wa buluu.